Taa za Motokaa Zinazowaka Mlango Ufunguliwapo

Magari mengi mapya, yakifunguliwa usiku kwa rimoti, huwasha taa zake za nje kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha huzizima yenyewe. Mwenye gari akiwa bado hatua ishirini mbali huliona gari lake, huona kama kuna mtu amesimama karibu nalo, na huona kama njiani pana shimo au maji. Lakini magari mengi tuliyo nayo hapa Uganda ni yale yaliyokwisha tumika Japani, na ya miaka ya nyuma hayakufanyiwa hivyo kiwandani. Ukibonyeza rimoti, milango hufunguka kwa kishindo kidogo, indiketa huenda zikapepesa mara moja au mbili, basi. Giza hubaki lile lile.

Tangu niliposhika kazi ya umeme wa magari, nimeulizwa na wanafunzi wa siku hizi na wale wa zamani pia, kama gari la zamani laweza kufundishwa adabu hii ya gari jipya. Laweza, wala gharama yake si kubwa. Vifaa vyote vinavyotakiwa vyapatikana katika maduka ya vipuri ya Kampala, na elimu inayotakiwa haizidi ile ya fizikia ya kidato cha nne. Ila kazi hii ina hatari yake. Nimepata kuletewa gari moja ambalo fundi fulani alilifungia taa za namna hii kwa waya mwembamba kama wa redio, akautoa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi. Waya ukasuguka penye ukingo wa bati, ganda lake likatoboka, na moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi wakati watoto wawili wamekaa kiti cha nyuma. Walitolewa salama, lakini nyaya za upande ule wote zilikuwa zimeyeyuka na kushikamana pamoja kama nta. Kwa sababu hiyo sitaeleza tu waya gani uungwe wapi. Nitaeleza pia kwa nini, maana anayejua sababu hawezi kudanganywa na fundi wala na gari.

Kwanza tutazame rimoti inasema nini. Gari la kwanza kuuzwa kwa watu likiwa na kufuli za rimoti lilikuwa Renault Fuego la Ufaransa, mwaka 1982, na tangu hapo jambo lenyewe limebadilika umbo tu. Rimoti hutuma neno fupi hewani. Kisanduku kilichofichwa ndani ya gari hulisikia, hulitambua, kisha hupeleka umeme katika mota ndogo zilizo ndani ya milango. Kila mota ina nyaya mbili. Umeme ukipita kutoka waya wa kwanza kwenda wa pili, mlango hufunguka. Ukipita kinyume, mlango hufungika. Gari linapokuwa limetulia, katika magari mengi nyaya zote mbili huwa zimegusana na bodi, yaani upande wa hasi wa betri. Ukibonyeza kufungua, waya wa kufungua hupanda hadi volti 12 kwa muda usiotimia sekunde moja, mara nyingi nusu sekunde tu, kisha hurudi chini kwenye bodi.

Hapo ndipo penye shida yetu yote. Neno tulilo nalo ni fupi mno, nasi twataka taa ziwake nusu dakika. Tena lina sauti ndogo: kile kisanduku kilitengenezwa kiweze kuendesha mota za milango kwa nusu sekunde, hakikutengenezwa kibebe taa. Basi tuna kazi mbili: neno dogo liamrishe umeme mkubwa bila kuubeba, na neno fupi lidumu.

Kabla ya kuzishika kazi hizo, tuamue taa zipi ziwake. Vijana wengi hutaka taa kubwa za mbele, kwa kuwa zinapendeza. Mimi sikubaliani nao, na sababu ni hesabu. Taa ndogo za mbele mara nyingi ni wati 5 kila moja, za nyuma wati 5 kila moja, na mbili za kuangazia namba wati 5 kila moja. Jumla yake ni wati 30. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 2 na nusu. Taa kubwa zenye balbu za aina ya H4 hula wati 55 kila moja zikiwa zimeinamishwa; mbili ni wati 110, yaani ampea 9 na ushei, juu ya zile za taa ndogo. Zaidi ya hayo, uzi wa balbu ukiwa baridi ukinzani wake ni kama sehemu ya kumi ya ule wa uzi uliokwisha pata moto, kwa hiyo katika nukta ile ya kwanza taa hunywa umeme mara nyingi zaidi. Kila kuwasha ni pigo kwa swichi na kwa balbu.

Sasa fikiri chombo chetu kikiharibika, taa zikakwama zimewaka usiku kucha. Betri ya gari dogo huwa na kama ampea 45 kwa saa. Taa ndogo kwa saa 10 zitakula 25. Betri imepita nusu, na asubuhi gari pengine litawaka kwa shida, pengine litataka kusukumwa. Taa kubwa zikiwa pamoja nazo, ni karibu ampea 12 kila saa, na betri itakuwa tupu kabla ya saa nne kwisha. Lakini kama chombo kinafanya kazi sawasawa, nusu dakika ya taa ndogo hula sehemu ndogo mno, kama mbili katika mia ya ampea moja kwa saa, ambayo betri haitaijua kabisa. Basi mimi hufunga taa ndogo. Katika giza la kweli taa ndogo zatosha kuonyesha gari na mtu aliyesimama mbele yake au nyuma yake.

Kazi ya kwanza ya zile mbili hufanywa na rilei. Wengi wenu mmeiona: kidude cheusi cha mraba, kama kiberiti kilichosimama, chenye miguu minne au mitano. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba na kipande cha chuma. Umeme kidogo ukipita katika koili, huwa sumaku, huvuta chuma, na chuma hukutanisha vidole viwili vinavyoweza kubeba umeme mwingi. Umeme wa koili na umeme wa vidole havichanganyiki. Mmarekani Joseph Henry alionyesha jambo hili mwaka 1835, na baadaye likawafaa sana watu wa simu ya waya: ishara iliyodhoofika kwa safari ndefu ilikuwa haiwezi tena kuandika herufi, lakini iliweza bado kuvuta chuma chepesi, na chuma hicho kikafungua betri mpya ya kuipeleka ishara mbele. Ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kiingereza, kupokezana. Wakimbiaji wetu wa kijiti wanajua.

Miguu ya rilei ina namba, nazo ni zile zile karibu dunia nzima, maana zilitoka katika kanuni za Kijerumani. 85 na 86 ni ncha mbili za koili. 30 ndiyo umeme unakoingilia vidole. 87 ndiko unakotokea rilei ikivuta. Yenye miguu mitano ina 87a pia, ambayo hugusana na 30 wakati rilei imelala. Koili ya rilei ya kawaida ina ukinzani wa omu 90 hivi, kwa hiyo hunywa ampea 0.13 tu, na vidole vyake vyaweza kubeba 30. Ukitazama uwiano huo utaona kwa nini gari la kisasa limejaa rilei.

Sasa lazima ujue gari lako huwashaje taa zake ndogo, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapokosana na gari. Kuna njia mbili. Katika magari mengi ya Kijapani, kijiti cha taa kilicho kwenye usukani hakipeleki umeme kwenye taa. Chenyewe huuteremsha kwenye bodi waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye koili ya rilei ya taa ndogo, iliyokwisha fungwa kiwandani. Rilei huvuta, taa huwaka. Katika magari mengine, hasa ya Ulaya ya zamani, swichi yenyewe hupeleka volti 12 kwenye taa.

Namna ya kutambua ni rahisi. Chukua mita, funga ncha nyeusi kwenye bodi, gusa kwa ncha nyekundu waya wa taa ndogo nyuma ya kijiti. Taa zikiwa zimezimwa mita ikasoma 12, na zikiwashwa ikasoma 0, gari lako ni la njia ya kwanza. Mita ikisoma 0 taa zikiwa zimezimwa, na 12 zikiwa zimewashwa, ni la njia ya pili. Namba mbili tu, lakini asiyezipima akaunga kwa kubahatisha ataunguza kitu. Mtu akipeleka volti 12 katika waya wa gari la njia ya kwanza, kisha dereva akawasha kijiti, umeme wa betri utakuwa umeelekezwa moja kwa moja kwenye bodi.

Njia ya kwanza ni neema kwetu. Rilei yetu ndogo haina haja ya kubeba taa. Mguu wa 30 unaungwa kwenye bodi, wa 87 kwenye ule waya wa kijiti. Rilei yetu ikivuta, ni kana kwamba mkono usioonekana umezungusha kijiti. Umeme wa taa unapita bado katika nyaya za kiwandani na fyuzi ya kiwandani, na dereva akiwasha taa kwa mkono, chombo chetu hakijui wala hakidhuriki.

Katika njia ya pili, 30 hupata waya mnene kutoka betri, kwa kupitia fyuzi, na 87 huenda kwenye taa. Hapo angalia jambo moja. Magari mengi ya Kijerumani yana fyuzi moja ya taa ndogo za kushoto na nyingine ya za kulia, kwa kuwa desturi ya kwao ni kuweza kuwasha upande mmoja tu gari likiwa limeegeshwa kando ya barabara nyembamba. Ukizifunga pande zote mbili kwenye mguu mmoja wa 87, umeziunganisha daima, na upande mmoja ukiwashwa wa pili utawaka nao. Tumia rilei mbili, moja kwa kila upande, koili zao zikiwa pamoja.

Nije kazi ya pili, ya kulifanya neno fupi lidumu. Waweza kununua rilei yenye saa ndani yake, iliyo tayari, na mtu mwenye haraka afanye hivyo. Lakini mwanafunzi aliye na chuma cha risasi katika maabara ya shule atapata furaha zaidi kwa kuiunda mwenyewe, na ataelewa jinsi umeme unavyoweza kuhesabu wakati bila gurudumu wala kamani.

Fikiri mtungi wenye tundu dogo chini. Ukimimina maji kwa ghafula utajaa mara moja. Lakini maji yatatoka polepole, na ukubwa wa tundu ndio utakaoamua yadumu muda gani. Mtungi wetu ni kapasita ya mikrofaradi 220, iliyoandikwa volti 25. Tundu letu ni rezista ya omu 100,000, inayounganisha ncha mbili za kapasita. Maji ni umeme wa ule waya wa kufungua mlango.

Kati ya waya wa kufungua na kapasita weka rezista ya omu 100 na dayodi moja ya aina ya 1N4007. Rezista hiyo ndogo huzuia pigo la ghafula lisiwe kali. Hata hivyo kapasita itajaa katika sehemu ya kumi ya sekunde, na neno letu lina nusu sekunde. Dayodi ndiyo yenye maana zaidi. Kumbuka kwamba waya wa kufungua, baada ya neno kwisha, hurudi chini kwenye bodi. Pasipo dayodi, mtungi uliojaa ungemwagika wote papo hapo kwa njia ile ile ulioingilia. Dayodi ni kama valvu ya baiskeli: upepo waingia, hautoki. Mstari mweupe uliochorwa mwilini mwake uelekee kwenye kapasita.

Je, kapasita hiyo haiwezi kushikilia rilei yenyewe? Nimeona watu wakijaribu, na tufanye hesabu tuone. Kapasita inayomwagika katika rezista hupungua hadi kama asilimia 37 ya volti zake katika sekunde zilizo sawa na omu mara faradi. Koili ina omu 90. Mikrofaradi 220 ni faradi 0.00022. Zidisha: sekunde 0.02. Hata ukitafuta kapasita kubwa kama kidole gumba, ya mikrofaradi 4700, utapata sekunde 0.42. Tundu la koili ni kubwa mno kwa mtungi wowote utakaoingia chini ya dashibodi.

Twahitaji mlinzi atazamaye kina cha maji bila kuyanywa. Mlinzi huyo ni transista ya aina ya mosfeti. Mimi hutumia ile iliyoandikwa IRFZ44N, kwa kuwa ni ya bei ndogo na haichoki. Ina miguu mitatu. Mmoja huitwa geti, nao haunywi umeme karibu kabisa. Huhisi volti tu. Geti likiwa na volti za kutosha, miguu mingine miwili hufunguliana, na umeme hupita kati yao. Volti za geti zikishuka mahali fulani kati ya 4 na 2, njia hufungwa. Basi geti liungwe kwenye ncha chanya ya kapasita. Mguu uitwao sosi uungwe kwenye bodi pamoja na ncha hasi ya kapasita. Mguu uitwao dreni uungwe kwenye 85 ya rilei. Na 86 ya rilei ipate volti 12 za kudumu kwa kupitia fyuzi ndogo.

Sasa zidisha tena: omu 100,000 mara faradi 0.00022 ni sekunde 22. Kapasita ilijazwa hadi volti 11 na nusu hivi, maana dayodi hujichukulia kidogo. Baada ya sekunde 22 itakuwa na asilimia 37 ya hizo, yaani volti 4 na kidogo, na mlinzi yu karibu kufunga. Sekunde chache baadaye rilei huachia na taa huzimika. Kwa kuwa mosfeti mbili hazifanani sana, na kapasita nazo si sawa, utapata kati ya sekunde 20 na 30. Ukitaka dakika nzima, tumia rezista ya omu 220,000.

Vipo vitu viwili zaidi, vya ulinzi. Rilei inapoachia, sumaku ya koili hufa ghafula na katika kufa kwake huzaa volti nyingi, mamia pengine, kwa nukta ndogo sana. Volti hizo zaweza kuua mosfeti. Weka dayodi nyingine ya 1N4007 kati ya 85 na 86, mstari mweupe uelekee 86. Kwa kawaida hailetei umeme njia, ila wakati wa lile pigo huuzungusha umeme ndani ya koili hadi uishe. Cha pili ni dayodi ya zena ya volti 15 sambamba na kapasita, mstari mweupe uelekee upande wa chanya, kwa kuwa geti halivumilii zaidi ya volti 20, na umeme wa gari una tabia ya kuruka.

Nimezitaja fyuzi mara nyingi, na sasa nazirudia kwa makusudi. Watu hudhani kwamba fyuzi huilinda taa. Sivyo. Fyuzi huulinda waya. Taa ikiungua hakuna hasara ila balbu. Lakini waya wenye volti 12 za kudumu ukiguswa na bodi, hakuna tena taa ya kupunguza umeme. Betri ile ile inayozungusha injini asubuhi kwa zaidi ya ampea mia hutapika nguvu yake yote katika waya wako. Waya mwembamba huwa mwekundu kama mkaa kwa muda wa kupepesa macho, na ulipolala pana zulia, sifongo na plastiki. Ndiyo hesabu ya lile gari la watoto wawili niliyoitaja juu.

Kwa hiyo fyuzi iwe karibu na pale umeme unapochukuliwa, usizidi shibiri moja. Fyuzi iliyowekwa mwisho wa waya, karibu na rilei, hailindi kitu, kwa maana waya wote ulio kati ya betri na fyuzi umeachwa uchi. Na ukubwa wake uchaguliwe kwa kutazama kazi: kwa chombo cha njia ya kwanza, kinachokula sehemu ya ampea moja, weka fyuzi ya 2 au 3. Kwa njia ya pili, inayobeba ampea 2 na nusu, weka ya 5, na waya usiwe mwembamba kuliko milimita moja ya mraba. Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara, wala uzi wa waya. Imekatika kwa sababu. Itafute.

Kuhusu kufunga chombo ndani ya gari sina mengi. Toa kwanza ncha hasi ya betri, isipokuwa wakati wa kupima. Waya wa kufungua mlango hupatikana mara nyingi katika fungu la nyaya linalopita pembeni mwa miguu ya dereva, kuelekea mlangoni. Utautambua kwa mita, si kwa rangi, kwa kuwa rangi hubadilika gari hadi gari. Usitumie balbu ya kupimia, maana hunywa umeme na yaweza kusumbua visanduku vya gari. Nyaya zenye ganda la manjano au soketi za manjano usiziguse kwa mita wala kwa kisu: aghalabu ni za mifuko ya hewa, nayo hulipuka. Kila waya unaopita katika tundu la bati upite ndani ya mpira. Barabara zetu za murramu hutikisa gari mwaka mzima, na bati lisilo na mpira hula ganda la waya kama msumeno. Funga kila kitu kwa kamba za plastiki, kisicheze.

Lazima niwaonye wenye magari mapya zaidi. Katika hayo, swichi, kufuli na taa hazizungumzi kwa volti 12 na bodi, bali kwa tarakimu zinazopita upesi katika nyaya mbili zilizosokotwa, na kompyuta ya gari ndiyo inayoamua taa gani iwake. Kompyuta hiyo hupima umeme wa kila balbu na ikiona mgeni hulalamika. Chombo chetu si cha magari hayo. Lakini mara nyingi yana tabia hii tayari, nayo imelala tu. Volkswagen kwa mfano huiita kwa Kiingereza kuondoka nyumbani na kurudi nyumbani. Fundi mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ataiamsha bila kukata waya hata mmoja.

Wengine huniambia taa ndogo hazitoshi, wataka kuangaza nyuma ya gari kwa zile taa nyeupe za kurudi kinyumenyume. Mwanga wake ni mzuri kweli, wati 21 kila moja. Walakini zikikwama zimewaka njiani, dereva wa nyuma atadhani gari lako linarudi juu yake. Tena magari mengi yana kamera inayoamshwa na waya ule ule, na kila ukifungua mlango kamera na skrini huenda zikaamka. Anayetaka hivyo lazima 86 ya rilei yake aipe umeme kupitia 30 na 87a za rilei nyingine, ambayo koili yake inawashwa na swichi ya ufunguo, ili ufunguo ukizungushwa tu chombo kife. Mimi huwakatalia wasiotaka kugharimia rilei hiyo ya pili.

Kazi ikiisha, rudisha ncha ya betri, funga milango, ondoka mbali kidogo, bonyeza kufungua. Taa ndogo zitawaka. Hesabu sekunde. Zikizimika, funga tena milango kwa rimoti: zisiwake. Zikiwaka kwa kufunga na si kwa kufungua, umeshika waya wa pili. Jaribu pia kuziwasha kwa kijiti chombo kikiwa kinahesabu, na kuzizima; zifuate kijiti na chombo bila kugombana. Mwisho toa fyuzi yako, na mahali pake weka mita iliyopangwa kupima miliampea, milango ikiwa imefungwa na taa zimezimika. Usibonyeze rimoti wakati huo. Chombo kilicholala hakipaswi kunywa kitu kinachoonekana kwenye mita ya kawaida. Ikisoma hata miliampea chache, kapasita inapata umeme mahali fulani isipotakiwa au mosfeti imeumia wakati wa kuitia risasi. Ibadilishe kabla hujalirudisha gari kwa mwenyewe.